TUACHE KUNUNUA MASANDUKU

Katika ofisi zetu nyingi, za Serikali, za mashirika ya umma na za wafanyabiashara, kipo chumba kimoja ambacho mgeni hakaribishwi. Ndani yake zimerundikwa kompyuta zilizokufa. Nyengine zimeliwa na kutu, nyengine zimenyofolewa vipuri ili kuzifufua wenzake, na nyengine ni nzima kabisa ila zimepitwa na wakati. Kila moja ilinunuliwa kwa fedha za umma au kwa jasho la mfanyabiashara. Kila moja ilipokelewa kwa saini, ikabandikwa namba, ikawekwa mezani, na baada ya miaka michache ikabebwa kupelekwa stoo. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekusudia ubadhirifu. Hata hivyo hasara imepatikana, na hasara ya namna hii, kwa kuwa haina mwizi, haina pia anayeulizwa.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa sababu limekwisha kuwa la haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza utaratibu wake wa kawaida wa kutoa marekebisho ya usalama kwa Windows 10, programu iliyokuwa ikiendesha sehemu kubwa ya kompyuta za ofisini duniani. Ofisi inayotaka kuendelea kulindwa inatakiwa ijiunge na mpango maalumu wa malipo, na mpango huo nao una kikomo. Windows 11, ambayo ndiyo iliyofuata, haizikubali kompyuta nyingi za zamani, hata zile ambazo bado zinawaka na kufanya kazi. Kwa hiyo katika kila kamati ya zabuni linaulizwa swali moja: Tununue kompyuta mpya ngapi?

Sisi tunasema kuwa swali hilo limeulizwa vibaya. Swali lenyewe ni hili: Kwa nini kila meza iwe na kompyuta kamili ya kwake?

Mfumo tunaoupendekeza si mgumu kuufahamu. Badala ya kuweka kompyuta kamili 200 juu ya meza 200, huwekwa mitambo michache yenye nguvu, iitwayo seva, ndani ya chumba kimoja chenye kufuli, betri na kiyoyozi. Programu zote na kumbukumbu zote hukaa humo. Juu ya meza ya karani hubaki kioo, kibodi na kijisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu, ambacho kazi yake ni kupeleka kwenye seva kile karani anachokipiga, na kurejesha picha inayoonekana kwenye kioo. Kijisanduku hicho tukiite kituo chepesi. Karani huiona kompyuta yake kama alivyoizoea, ila kazi yenyewe inafanyika kule chumbani. Ni mfano wa kisima cha mtaa. Kila nyumba ina ndoo yake, na maji ya kila nyumba ni yake, lakini hakuna mwenye akili anayechimba kisima katika kila jiko.

Wala jambo hili si geni. Hivyo ndivyo kompyuta zilivyoanza. Katika miaka ya 1960 mtambo mmoja ulijaza chumba kizima, na watu wengi wakautumia kwa zamu, kisha kwa pamoja. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi, maofisi yakageukia utaratibu wa kila mtu na yake. Hatua ile ilikuwa na kheri nyingi na hatuibezi. Lakini ofisi kubwa zikaja kutambua kuwa bei ya kununua kompyuta ni mlango tu wa gharama. Nyumba yenyewe ni ufundi, umeme, virusi, leseni na kuzibadilisha kila baada ya miaka michache. Ndipo katika miaka ya 1990 rai ya mtambo wa pamoja ikarudi ikiwa na sura mpya. Mji wa Largo katika jimbo la Florida, Marekani, ulijulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuendesha kazi za halmashauri yake kwa vituo vyepesi vilivyofungwa kwenye seva chache, zikitumia programu huria ya Linux ambayo haina ada ya leseni. Ni mji wa kadiri tu. Ikiwa nchi tajiri zinaona aibu kutupa fedha, itakuwaje sisi tusione?

Taifa letu lina funzo lake katika habari hizi, nalo lisisahauliwe. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, baada ya mtambo wa mahesabu wa Wizara ya Fedha kuleta matatizo na hasara. Katika miaka hiyohiyo hapa Zanzibar tulikuwa tayari tunatazama televisheni ya rangi, wakati wenzetu wa Bara walikuwa hawana televisheni yoyote. Sisi tunaona kuwa kosa la wakati ule halikuwa la mashine. Mashine haina kosa. Kosa lilikuwa kununua chombo kabla ya kumsomesha nahodha, na kumwachia mgeni auze, afunge, atengeneze na atoe shauri, yote peke yake. Tukilikariri kosa hilo leo tutakuwa hatuna udhuru.

Faida za mfumo huu ni nyingi, nasi tutazitaja zile ambazo mhasibu anaweza kuzihesabu.

Faida ya kwanza ni ya ufundi. Penye kompyuta 200, fundi huzunguka meza 200. Programu mpya ikitoka, anaiweka mara 200, na akiisahau meza moja, mlango umebaki wazi. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliivamia dunia, na huko Uingereza kikatatiza angalau taasisi 80 kati ya 236 za Huduma ya Afya ya Taifa upande wa England. Wagonjwa walirudishwa makwao. Na dawa ya kirusi hicho ilikuwepo. Microsoft ilikwisha kuitoa mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Ila kompyuta zilikuwa maelfu kwa maelfu, na dawa haikuwa imefika katika kila moja. Pale ambapo programu zinakaa katika seva chache, fundi hutia dawa mahala pachache, na asubuhi kila karani anaikuta.

Faida ya pili ni ya umeme, na hapa tunataka tuwe wakweli, kwa sababu wauzaji hupenda kutia chumvi. Tuichukue ofisi yenye meza 200. Tukadirie kuwa kompyuta ya kawaida, bila ya kioo, inakula wati 70, na kituo chepesi wati 10. Kwa saa 8 za kazi na siku 22 za mwezi, kompyuta za kawaida zitakula yuniti 2,464. Vituo vyepesi vitakula yuniti 352. Lakini seva hazilali. Tukiweka seva tatu za wati 500 kila moja, usiku na mchana, pamoja na kiyoyozi cha nusu ya kiasi hicho, mwezi mzima zitakula yuniti 1,620. Jumla ni yuniti 1,972. Akiba ni yuniti 492 kwa mwezi. Si utajiri, lakini ni akiba.

Faida kubwa zaidi iko katika mzigo unaobebwa kwa wakati mmoja. Kompyuta 200 za kawaida zikiwaka pamoja zinataka kilowati 14. Mfumo wa seva, pamoja na kiyoyozi chake, unataka kilowati 4 na robo. Mwenye kununua jenereta anaifahamu tofauti hiyo bila ya kuelezwa. Na sisi watu wa Unguja hatuhitaji kukumbushwa umuhimu wa jenereta. Mwezi wa Mei 2008 umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Ukakatika tena Desemba 2009, tukakaa gizani kwa miezi mitatu hadi Machi 2010. Tangu hapo waya mpya umelazwa, lakini kisiwa kitabaki kuwa kisiwa.

Faida ya tatu ni ya uimara. Hewa yetu ina chumvi. Kompyuta ya kawaida ina feni inayovuta hewa hiyo, pamoja na vumbi, na kuipitisha juu ya vyuma vyake mchana kutwa. Kituo chepesi kwa kawaida hakina feni wala diski inayozunguka. Hakina cha kuvutia chumvi, hakina cha kusagika, na kwa hiyo hukaa mezani miaka mingi kuliko kompyuta kamili. Tena, hata zile kompyuta kuukuu zilizokataliwa na Windows 11, nyingi zinaweza kutiwa programu nyepesi zikageuzwa kuwa vituo vya seva. Chumba kile cha aibu kinaweza kugeuka kuwa ghala.

Faida ya nne ni ya amana. Tulifundishwa chuoni, kabla hatujakwenda skuli, kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ile ya Suratul Baqara inayohusu kuandikwa kwa deni, na kuwa mwandishi aandike kwa uadilifu. Kumbukumbu ni amana. Hati ya shamba la mikarafuu, cheti cha kuzaliwa, mshahara wa mstaafu, hesabu za ushirika, hizi ni haki za watu. Leo nyingi ziko ndani ya kompyuta moja iliyo juu ya meza ya karani mmoja, na kompyuta hiyo ikiibwa, ikiungua au karani akihamishwa, haki ya mtu imekwenda nayo. Katika mfumo wa seva, mwizi akichukua kituo chepesi amechukua kijisanduku kitupu. Karani mwengine hukaa kwenye meza nyengine, akatia neno lake la siri, akaendelea na kazi ile ile pale ilipoachwa. Mwananchi haambiwi tena, "Rudi kesho, mwenye kompyuta hayupo."

Mfanyabiashara naye asidhani kuwa haya ni ya Serikali peke yake. Hoteli yenye mapokezi, jiko, stoo na uhasibu, wakala wa meli mwenye ofisi Malindi na nyengine Mkoani, skuli binafsi, hospitali, ushirika wa akiba na mikopo, wote wanazo meza nyingi zinazofanya kazi inayofanana. Kwao seva ya pamoja ina maana kwamba mfanyakazi mpya anaandaliwa meza yake kwa muda mfupi, na kwamba mwenye mali anajua nani aligusa hesabu gani na lini. Vyama vya ushirika ambavyo kila kimoja peke yake hakimudu mtambo vinaweza kuungana vitano au sita vikawa na mmoja. Umoja wa namna hii ndio tuliouhubiri miaka yote.

Lakini kiongozi anayesifu chombo bila ya kutaja hatari zake anawadanganya watu. Mfumo huu unakusanya mayai yote katika kapu moja, na kapu likianguka, yanavunjika yote. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha kumbukumbu cha Serikali mjini Daejeon, Korea ya Kusini. Ulianza katika betri zilizokuwa zikihamishwa. Mifumo 709 ya Serikali ilisimama. Ghala la nyaraka lililotumiwa na watumishi wapatao 125,000, lenye terabaiti 858, liliungua lote, nalo halikuwa na nakala mahala pengine. Hiyo ni nchi inayoitengenezea dunia simu na vioo vya televisheni. Tusiseme kuwa walikuwa hawana ujuzi. Walikuwa nao, ila hawakuweka pacha.

Hatari ya pili ni ya njia. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili ya mawasiliano ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Ofisi ambayo kazi zake zote ziko katika seva za nchi za mbali, siku kama hiyo inakaa na vioo vitupu. Ofisi ambayo seva yake iko hapa hapa visiwani inaendelea na kazi zake za ndani, hata kama hawezi mtu kuandikia Ulaya. Kwa sababu hiyo tunapotetea mtambo wa pamoja hatuna maana ya kila kitu kuhamishiwa ng'ambo na sisi kubaki wapangaji katika nyumba ya mtu mwengine. Tuna maana ya mtambo ulio karibu na wanaoutumia.

Kutokana na hayo, tunawaomba ndugu zetu maofisa wanaohusika, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya mawasiliano na mtandao wa Serikali, wayazingatie mambo yafuatayo kabla zabuni nyengine ya kompyuta haijatangazwa.

Kwanza, pasijengwe seva isiyo na pacha. Ikiwa mtambo uko Unguja, pacha wake awe Pemba, na wa Pemba pacha wake awe Unguja. Kila kisiwa kiwe na mtambo wake wa kuhudumia ofisi zake kila siku, na kila usiku vipelekeane nakala. Hapo moto wa chumba kimoja, au kukatika kwa mawasiliano baina ya visiwa viwili, hakutasimamisha Serikali wala kupoteza haki ya mtu. Wenzetu wa Pemba nao watakuwa na mtambo wao na kazi ya vijana wao. Tena angalau mara moja kwa mwaka mtambo mmoja uzimwe kwa makusudi, ili ionekane kama pacha anabeba kweli au anabeba katika karatasi tu.

Pili, watu wasomeshwe kwanza. Seva chache zinataka mafundi wachache, lakini mafundi kwelikweli. Vijana wetu wanaomaliza vyuo vikuu na vyuo vya ufundi wapo, na wengi wao kwa sasa wanauza vocha. Kila mkataba wa kununua mtambo uwe na sharti la kuwafundisha vijana hao mpaka waweze kuuendesha bila ya mgeni. Mkataba usio na sharti hilo usitiwe saini.

Tatu, hesabu ifanywe ya miaka mitano, si ya siku ya kununua. Seva, betri na nyaya hugharimu fedha nyingi mwanzoni, na mwenye kutazama bei ya mwanzo peke yake daima atachagua masanduku. Leseni nazo ziulizwe mapema, maana baadhi ya kampuni humtoza kila mtumiaji anayeingia kwenye seva juu ya bei ya seva yenyewe. Pale ambapo programu huria inatosha, itumike. Kulipia leseni ya barua na hesabu za kawaida, wakati ipo ya bure inayofanya kazi ile ile, ni mazoea mabaya.

Nne, kila kitu kiwe na kiasi chake. Duka lenye meza tatu halihitaji seva. Umeme wa mtambo usiolala utakula zaidi ya kile kinachookolewa. Mchoraji wa ramani za majumba na mhariri wa picha za televisheni nao waachiwe kompyuta zao zenye nguvu, kwa sababu kazi yao ni nzito kupitishwa katika waya. Hatutaki jambo jema ligeuzwe kuwa amri ya kufuatwa bila ya kufikiri.

Tano, mamlaka ya seva yasiwe ya mtu mmoja. Mwenye ufunguo wa chumba kile ana ufunguo wa siri za watu wote. Wawepo wasimamizi wawili, kila tendo lao liandikwe, na mkaguzi wa hesabu aruhusiwe kuyasoma maandishi hayo.

Tunajua yatakayosemwa. Yuko mkuu wa idara atakayeona kuwa kumwondolea kompyuta yake kubwa ni kumvunjia heshima. Huyo aelezwe kuwa heshima ya ofisa ni kazi yake kumfikia mwananchi kwa wakati. Yuko pia muuzaji ambaye amezoea kuleta shehena ya masanduku kila baada ya miaka michache, naye atakuja na sababu nyingi. Huyo asikilizwe kwa adabu, kisha aombwe aonyeshe hesabu yake ya miaka mitano, mezani, mbele ya kamati.

Visiwa vyetu ni vidogo. Udogo huo mara nyingi umetajwa kuwa ni udhaifu, lakini katika jambo hili ni nguvu. Nchi kubwa zinasumbuka namna ya kuzifikia ofisi zilizotawanyika maelfu ya maili. Sisi ofisi zetu nyingi ziko katika mwendo wa saa moja au mbili kwa gari. Mitambo miwili tu, mmoja Unguja na mmoja Pemba, ikiwa imejengwa kwa uangalifu na kutunzwa na watoto wetu wenyewe, inaweza kubeba kazi za maofisi mengi.

Fedha za kununulia kompyuta mpya zitatolewa mwaka huu au mwakani, tupende tusipende, kwa sababu zile za zamani hazilindwi tena. Linalobaki ni uamuzi wa kuzitumia. Tunawataka viongozi wa idara na mashirika, kabla hawajatia saini, waende wakafungue mlango wa kile chumba cha masanduku, wayahesabu yaliyomo, na waandike jumla ya fedha zilizolala humo. Karatasi hiyo ndiyo iwe ya kwanza kusomwa katika kikao cha zabuni.